Mwanachama Ambaye Hakuulizwa

Hunijia ghafla, hata nikiwa sokoni, nikasahau nilichotumwa. Ni ile programu niliyokiandikia chama cha kuzikana cha mtaa wetu, Mtanda, miaka ile biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa na mimi nikafungua duka la kuchapa lenye kompyuta moja ya mtumba.

Nilikuwa nimeishia kidato cha nne; programu nilijifunza kitabuni. Ndani ya mashine, kila mwanachama mpya aliundwa na kipande kidogo cha maelekezo kilichofanya kazi mara moja tu, pale mtu anapoingizwa. Kipande hicho kingeweza kumkataa mtu mpaka taarifa zake zitimie. Mimi nilitaka foleni iende. Nikakiagiza: ukipewa jina tu, mwandike, na kila pengo lijaze "hakuna".

Jirani yangu mmoja, binti fundi cherehani, alikuja kujiandikisha huku wateja wanamsubiri. Akataja jina, akaondoka. Mashine ikamjazia: mama, hakuna.

Mama yake alipofariki, alikuja kuomba sanda, maturubai na masufuria ya chama. Mazishi yalikuwa baada ya alasiri. Mwenyekiti akachungulia kioo cha kompyuta.

"Hapa huna mama, binti."

"Sina mama? Kwani mimi niliokotwa ufukweni?"

"Kompyuta haina undugu na mtu," mwenyekiti akasema.

Nami nikadakia, "Si ulisema mwenyewe hakuna."

Akanigeukia. "Nilisema lini, mjomba? Nani aliniuliza?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikalimeza, maana mwenyekiti alikuwa akinisifu kila kona kwa programu ile. Yule binti akaenda kuomba kwa majirani. Mama yake akazikwa kwa sanda ya kuchangiwa, waombolezaji wakakaa juani.

Wiki hiyohiyo niliiandika upya ile programu. Sasa hakuna aliyeingia kabla ya kuulizwa, na "hakuna" ilibidi itoke kinywani mwake mwenyewe. Nikamwita yule binti dukani, nikamwambia kosa lilikuwa langu, nikamsihi ajiandikishe tena. Akavuta kiti.

"Haya, mjomba. Uliza."

Swali la kwanza kwenye kioo lilikuwa la mama. Nililiweka mimi, na sikuacha njia ya kulikwepa. Nikafuta vumbi lisilokuwepo kwenye meza. Nikaenda mlangoni, nikarudi. Yeye hakuondoa macho kwangu, akingoja nimuulize.