Jeep Nyeupe Kasha

Mudogo wangu walimukata panga mutaani Cimpunda, pale pale tulikozaliwa. Aliwatambua, na wao wanajua aliwatambua. Madaktari walishona kichwa, wakashona mukono, wakasema sasa arudi nyumbani. Nyumbani wapi? Kwa wenye panga, wamalizie kazi?

Maman mumoja wa programme ya hospitali, ile ya watu walioumizwa na watu, ndiye wa kwanza kuuliza kitu cha maana: "Ukitoka hapa utalala wapi? Wenye walikukata wanapajua?" Nilitaka kumukumbatia. Tukapatana kijana aje kwangu, mutaa wa Kasha, kwa sababu nimehamia juzi tu na watu wa Cimpunda hawapajui. Majirani niliwaambia alianguka na moto, pikipiki ya taxi.

Juma lililofuata jeep nyeupe ikapanda avenue yetu, maandishi ya programme mulango muzima. Chauffeur akasimama kwenye robinet ya mutaa, wamama wakiwa kwenye foleni ya maji na bidon zao, akashusha kioo.

"Bamaman, ule kijana mwenye balikata panga anaishi wapi?"

Vidole vyote vikanyooka kwangu. Mumoja akacheka: "Kumbe ile moto ilikuwa na panga!"

Nilitoka na mutoto mugongoni, mikono bado na sabuni.

"Papa, uko na akili?"

"Maman, punguza sauti. Tunakuja kumuangalia tu."

"Mulimuficha nyinyi, na nyinyi tena munamutangaza? Mungeleta na fanfare ipige tarumbeta!"

"Ni gari ya kazi. Wenye kutoa pesa wanataka kazi ionekane."

"Ionekane! Hata maiti inaonekana, papa."

Kilichoniuma zaidi: yule maman wa swali zuri alikuwa ameketi nyuma mu jeep, amevaa gilet yake yenye jina la programme, anaangalia magoti yake.

Mchana ule ule nilitia mashati ya mudogo wangu mu saki, akapita njia ya nyuma. Alikokwenda siandiki hapa.

Yule maman wa programme alinipigia simu mara nyingi. Vidonda vinahitaji kusafishwa, anasema. Najua! Nikamujibu: "Uje kwa miguu. Bila gilet. Weka kitu ku kichwa, kama mutu anaenda kuona wakwe."

Alikuja kweli, na kitenge, matope mpaka magotini, beseni ya maavoka, maparachichi makubwa, kichwani. Mutoto wangu akanyoosha mukono kwa maavoka.

"Dawa iko chini ya maavoka," akasema, anahema. "Unipeleke kwake."

Niliangalia nyuma yake mpaka kwenye robinet. Nikaangalia tena.

"Ketiko kwanza," nikamuambia. "Nione kama hakuna mwenye alikufuata."