Namba za Kubahatisha za Profesora Zuleica

Zuleica binti Nurdine alizaliwa Olumbi, akasomea hesabu Nampula, na aliporudi Palma kuwa profesora, yaani mwalimu wa sekondari, aliukuta mji umegeuka sura. Gesi ilikuwa imegunduliwa baharini. Wageni wenye mavazi ya rangi ya chungwa walijaa barabarani, mnara mpya wa simu umesimama, na vijiji kadhaa vya pwani vimeshaambiwa kwamba huenda vikahamishwa bara.

Kimoja kilikuwa cha shangazi yake, Rehema, aliyeishi kwa kuokota chaza na kombe kila bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali. Siku moja alitoka mkutanoni akaja moja kwa moja kwa Zuleica.

"Wanasema huko tutakakohamia watatupa gari la kutuleta pwani. Litatoka saa mbili asubuhi kila siku. Wewe umesoma hesabu, mwanangu. Chaza nitapata, sitapata?"

"Lakini shangazi, maji hayakupwi saa ileile kila siku."

"Nimewaambia. Wakanijibu magari yatakuwa mengi."

Swali hilo halikumtoka Zuleica. Barabara ile aliijua: gari huchelewa, huharibika, mvua ikinyesha hunasa topeni. Siku gani, hakuna ajuaye. Ila kompyuta inaweza kuigiza miaka maelfu kwa maelfu, na kila siku ikapiga kura: leo gari limewahi au limechelewa? Kura hizo ndizo namba za kubahatisha. Zuleica alizipata katika programu huria ya hesabu, iliyoandikwa na watu wa nchi mbalimbali, ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha.

Tatizo lilikuwa kasi. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, na jenereta ya shule ilizimwa kabla hesabu haijafika popote. Akachunguza muda unaishia wapi, akagundua unaishia kwenye kuzitengeneza namba zenyewe. Programu ilizitoa moja moja, kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe. Akaiandika upya izitoe kwa mafungu.

Mwalimu mwenzake Hélio, mtu wa Mueda aliyefundisha fizikia, alichungulia. "Mana Zuleica, dada yangu, kompyuta hii ina mikono miwili ya kuhesabia, nawe unaitumikisha mmoja."

Kweli. Akaigawa kazi mara mbili, kila mkono na sehemu yake. Hesabu iliyokuwa ikimshinda ikaisha hata chai haijapoa. Zuleica alipiga makofi peke yake kama mtoto, kisha akawatumia wenye programu marekebisho yake, kifua mbele.

Jibu lilitoka kwa Joaquina, Mbrazili aliyekuwa akikagua kazi za wachangiaji. "Kasi yako imenifurahisha," aliandika. "Lakini tazama: sehemu zote mbili zinaanza na mbegu moja, yaani namba moja ya kuanzia, kwa hiyo zinatoa namba zilezile. Unadhani umepiga kura mara mbili, kumbe umeihesabu kura moja mara mbili."

Zuleica aliusoma ujumbe huo akahisi uso unawaka. Kosa lilikuwa wazi, naye hakuliona.

"Mkutano ujao wa kuhamishwa umekaribia," Hélio alimwambia. "Jibu halitabadilika sana. Peleka hivyohivyo."

Nusura akubali. Lakini atakayesimama mbele za watu na hesabu ile ni Rehema. Ikitoboka mbele ya mtaalamu mmoja tu, Rehema ndiye atakayeambiwa akae chini, na hatasikilizwa tena.

"Hapana," akasema. "Naianza upya."

Namba za kubahatisha hufuatana kwa msururu mrefu usio na mwisho wa karibu. Dawa ilikuwa kuuacha mkono wa kwanza uanze mwanzoni, na wa pili urukie mbali mbele, pasipo kukanyaga namba zote za katikati. Kanuni ya kuruka hivyo ilimsumbua. Wanafunzi wakishatoka alibaki ubaoni, akiandika na kufuta, vumbi la chaki likimjaa kwenye ushungi. Joaquina alimtumia dokezo moja, likamsaidia. La pili hakulielewa hata kidogo. Hatimaye kanuni ikakubali. Akazilinganisha namba za pande zote mbili, asione fungu lililojirudia. Safari hii marekebisho yalipokelewa, na jina lake likaandikwa kati ya waliochangia. Kisha akaiendesha upya hesabu ya magari na maji, akampelekea shangazi majibu.

Mkutanoni Rehema alisimama, kanga kaifunga kiunoni. "Mkituongezea magari, tutapata kidogo tu zaidi. Gari likitoka kwa kufuata maji badala ya saa ya ukutani, tutapata karibu kama sasa."

"Nani kakupa hesabu hiyo, mama?" mhandisi mmoja akauliza.

"Mtoto wa kaka yangu. Huyo hapo, muulizeni."

Wakamuuliza, hasa wapi alizitoa kura zake. Zuleica akaeleza taratibu, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kireno. Mhandisi akatikisa kichwa kukubali, na ikaandikwa kwamba gari litafuata maji. Kuhama kwenyewe kulichukua miaka kabla ya kuanza, na mengine yaliyoahidiwa siku ile yalisahauliwa. Hilo la maji halikusahauliwa.

Bamvua iliyofuata mkutano ule, Rehema alimchukua mwambani. Zuleica hakuwa amekwenda tangu utotoni. Alijikata mguu kwenye chaza, wanawake wakamcheka, akacheka nao, akaendelea kuokota.