Mtoto wa Mwisho Katika Vitabu vya Mwalimu

Wengi wa rika langu waliosoma Nairobi walimjua Mwalimu kwa vitabu vyake vya wanyama: kobe mwenye duka, punda aliyekataa kuamka, mabata waliogombania mlango wa kanisa. Hadi leo huniambia kwamba lazima mwandishi yule alipenda wanyama sana. Mimi nilimjua kabla ya wanyama hao. Miaka ya tisini ilipoanza alikuwa jirani yetu Kawangware, katika ploti ya vyumba vya mabati vya kupanga, yenye bomba moja, na hakufuga hata kuku.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha watoto wadogo katika nasari ya kanisa. Alikuwa mwanamke mjane kutoka magharibi mwa Kenya, na hakujaliwa mtoto. Alasiri alikaa mlangoni kwake akatusomea alichoandika, na sisi watoto wa ploti ndio tuliokuwa wa kwanza kukisikia. Tukipiga miayo, alifuta.

Mdogo wangu, ambaye hakuwa ameanza shule, hakupiga miayo kamwe. Alibishana na hadithi. Mwalimu akisoma kwamba mvulana amepotea sokoni, yeye alisema hajapotea, anajificha mama yake asimwoshe. Mwalimu alicheka akashika mbavu, kisha akaandika vivyo hivyo. Baadaye alimwomba mama ruhusa ya kumtia kitabuni: msichana mwenye pengo, aliyevaa sweta ya kurithi iliyomfika magotini, anayebishana na kila mtu hadi bomba la maji. Mama aliuza mboga na hakujua kusoma. Alikubali, akidhani ni mchezo tu.

Wakati wa baridi surua ikaingia kwenye ploti. Watoto wengine walipona. Mdogo wangu ilimshuka kifuani. Mama na Mwalimu walipokezana kumbeba mgongoni hadi hospitali, na walirudi bila yeye. Baba alikuwa fundi wa mbao. Alitengeneza jeneza mwenyewe, na hakuruhusu mtu amsaidie hata kupiga randa. Tulimzika nyumbani, Kitui.

Kitabu kilitoka baadaye. Mwalimu alikileta amekifunga kwa leso, na mama akaniambia nikisome. Nilisoma hadi mwisho, pale msichana anapobishana na usingizi, ukamshinda, na asubuhi akaamka akidai hakulala. Mama akauliza kama kweli imeandikwa kwamba anaamka. Nikasema ndiyo.

"Mwalimu," mama akasema, "wako anaamka. Mimi nimfanye nini huyu?"

Mwalimu alijibu kwa sauti ya chini kwamba kilikuwa kimeshapigwa chapa. Mama alimrudishia kitabu pamoja na leso yake. Kabla mwezi haujaisha tulihamia Mashimoni, Kibera.

Kitabu kilitufuata. Shuleni, katika mtaa wa Olympic hapo Kibera, kilisomwa darasani, na watoto wakakipenda mno. Wakati wa mapumziko waliigiza sauti ya mdogo wangu, wakibishana na kengele, wakibishana na mwalimu wa zamu. Siku ya kwanza nilicheka nao, halafu nikaenda nyuma ya vyoo hadi mapumziko yakaisha. Vitabu vingine vya Mwalimu vilifuata, na hakukuwa na mtoto hata mmoja ndani yake.

Nilikuwa nakaribia kumaliza sekondari mwanamke wa ile ploti ya zamani alipopita kwenye kibanda cha mama, akasema Mwalimu anaumwa na hana mtu. Mama aliendelea kukata sukuma wiki. Kesho yake hakufungua kibanda. Aliniambia nivae viatu, tukaenda Kawangware kwa miguu.

Tulimkuta amekonda, mashavu yamebonyea, shuka limemgandia mgongoni. Mama alisalimia kama mtu aliyeondoka jana. Akachota maji, akafua, akakoroga uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Walizungumza juu ya mvua na bei ya nyanya. Tulienda hivyo majuma mengi, na sikuwahi kuwasikia wakimtaja mdogo wangu.

Siku moja, mama akiwa nje anaanika nguo, nilimuuliza Mwalimu kwa nini aliandika wanyama tu.

"Mtoto ana mama yake," akasema. "Kobe hana mtu wa kuja kuniuliza."

Alifariki wiki chache baadaye. Ndugu zake walikuja na gari la kukodi kumpeleka magharibi, wakamkuta mama ameshamwosha na kumvalisha. Wanawake wa kanisa waliimba, na watoto wa nasari wakasimama ukutani wakiwa na sare zao. Mmoja wa ndugu alimuuliza mama alikuwa nani kwa marehemu. Mama akasema walikuwa majirani.

Gari lilipoondoka mvua ilianza. Tulirudi Mashimoni kwa miguu, mama akitangulia, na njia nzima hakugeuka. Tulikuta maji yameingia chumbani. Akavua viatu, akanipa sufuria, tukaanza kuyakomba.