Rekodi Safi ya Mzee

Kwa miaka tisa niliendesha gari letu kati ya Kitale na Bungoma bila kumgusa hata kuku wa mtu. Kwa kuwa hatukuwahi kudai fidia, bei ya bima ilipungua kidogo kila mwaka. Barua za pongezi zilikuja kwa jina la mume wangu. Ati dereva mwangalifu.

Mume wangu hakuwa anaona vizuri. Macho yalianza kumsumbua mwaka uleule tuliponunua gari, naye hakutaka mtu yeyote ajue, hasa wenzake wa msikitini waliofanya naye biashara ya mahindi. Kwenye fomu ya bima alijiandika yeye kuwa ndiye dereva. Akiulizwa mbona mke ndiye ameshika usukani, alijibu, "Leo nimechoka." Alichoka miaka tisa, bana. Tukifika sokoni alishuka akizungusha funguo kidoleni, mimi nikifuata na mifuko. Nisikudanganye, iliniudhi. Lakini nilimpenda, nikanyamaza.

Alipofariki nilienda Bungoma kwa ajenti wetu wa bima, mama wa rika langu, ili gari liandikwe kwa jina langu. Alinipa pole, akapekua faili, kisha akaniambia kwamba lile punguzo ni la mtu, si la gari. Lilikuwa la mzee. Mimi ningeanza upya kwa bei kamili, kama mtu aliyepata leseni jana.

Hasira zilinipanda. Barabara ya Webuye naijua shimo kwa shimo. Mvua, malori ya miwa, bodaboda zisizo na taa, yote niliyapita mimi.

Nadhani ajenti aliyasoma hayo usoni mwangu. "Mama, kama ni wewe ulikuwa unaendesha, si uandike barua tu? Useme mzee hakuwa anaendesha, na sababu yake. Wanaweza kukubali."

Akanipa karatasi. Nikashika kalamu, na nilitaka sana kuandika. Si kwa ajili ya pesa peke yake. Nilitaka walau mtu mmoja ajue. Lakini ningeanzia wapi bila kutaja macho yake, na bila kusema kwamba alidanganya?

"Sasa nani alikuwa anaendesha?" akauliza.

"Mzee," nikasema. "Alikuwa dereva mzuri sana."

Kwenye fomu mpya, pale pa miaka ya uzoefu, akaniandikia sifuri, nami nikatia sahihi.