Manyoya Mekundu Ndani ya Lituma

Kwanza niseme wazi kwamba mwenye kosa katika habari hii ni mimi, kwa sababu nimekwisha kuisimulia mara mbili kwa watu wengine na mara zote mbili nilijipunguzia sehemu yangu kidogo, nikasingizia haraka, nikasingizia maji ya bomba, hata mvua nikaisingizia. Siku ile haikunyesha. Leo nasema yote, na mkitaka kucheka chekeni, ila msicheke sana nitakapofika kwa Mama Véro.

Ninakaa Mangobo, hapa Kisangani, na nina binti mmoja, Aline, ambaye alipata mchumba, kijana mpole ambaye wazazi wake ni watu wa Isangi. Familia yake ikatutumia ujumbe kwamba Jumamosi saa nane mchana watakuja kwa présentation, yaani kujitambulisha tu na kula pamoja kabla ya mambo mengine makubwa. Kujitambulisha tu! Lakini mimi (ninavyopenda sifa, hilo mnalijua) nilianza kuitazama saloni yangu ninapokalisha wageni kana kwamba naiona kwa mara ya kwanza. Viti vinne, vyote vimechanika, sponji inachungulia nje. Nikaenda sokoni kwa wauza tombola, zile nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, nikapata mablanketi mawili mekundu yenye manyoya, laini kama kifaranga, nikayakata na kuyashona kuwa mifuniko ya viti. Yalipendeza, siwezi kusema uongo, mpaka mume wangu akavua viatu mlangoni.

Shida ilikuwa harufu. Nguo za tombola zina harufu yao, ya dawa na ya kukaa sana ndani ya robota, na Ijumaa jioni nilipokaa kwenye kiti kimoja harufu ile ikanipanda puani nikasema hapana, wageni hawatakaa juu ya kitu hiki, kesho alfajiri nafua.

Sasa, mabomba yetu yalikuwa makavu tangu Jumatano, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa unachota kwenye chemchemi iliyo bondeni nyuma ya nyumba zetu. Pale maji yanatoka katikati ya mawe, yanateremka kidogo, yanaingia ndani ya kisima kifupi cha saruji tunamochotea, halafu yanatoka upande wa pili na kwenda zake mtoni. Sheria ni moja tu, na aliyeiweka ni Papa Shabani, seremala mzee anayeiangalia chemchemi ile kama mtu anavyoangalia shamba lake: kufua ni chini ya kisima, kamwe si juu. Hata watoto wadogo wanaijua. Na mimi nilikuwa naijua. Lakini chini ya kisima kulikuwa na matope, na mifuniko yangu ilikuwa mikubwa, na kulikuwa hakujapambazuka vizuri, hakuna mtu, na yale mawe ya juu ni mapana na safi kana kwamba Mungu aliyaweka kwa ajili ya kufulia. Nikajiambia: mara moja tu. Sabuni nikatia kidogo sana (oneni ujanja wangu, niliogopa povu litanisaliti), nikapiga, nikasugua, nikasuuza, na maji yakaondoka mekundu. Nilidhani ni rangi. Rangi inapita, nikasema, nikajitwika beseni langu na kupanda mlima, na njiani nikapishana na Aline anateremka na bidoni mbili za plastiki kwenda kuchota maji ya kupikia. Ningeweza kumwambia, mwanangu, ngoja kwanza. Nilimwambia achunge asiteleze.

Mpishi wa siku ile alikuwa Mama Véro, jirani yangu, nyumba yake na yangu zinagawana ukuta. Mtaa mzima unajua kwamba hakuna anayetwanga lituma kama yeye, ndizi zake zinatoka laini, za njano, hazina hata kidonge kimoja. Alikuwa amerudi siku mbili tu kabla kutoka Yanonge, alikokwenda kumzika mama yake. Nilimwona anafungua mlango, mzigo bado mkononi, nikamwita juu ya ukuta, "Mama Véro, pole sana, Jumamosi utanipikia?" Kwa pumzi moja hivyo hivyo. Sikumuuliza mama aliugua nini, sikumuuliza matanga yalikwendaje. Alinitazama kidogo, akasema, "Nitakuja."

Na kweli alikuja, kitambaa cheusi kichwani, akachemsha ndizi, akatwanga, akapika samaki. Mimi nilikuwa nahangaika na mifuniko yangu, jua lilikataa kuikausha, na saa saba na nusu bado ilikuwa na unyevunyevu. Nikavivika viti hivyo hivyo. Wageni wakikaa, nikasema, joto lao litamalizia kazi.

Wakaja watu sita. Msemaji wao alikuwa Tonton Anselme, mdogo wa baba wa kijana, mtu mrefu, mtaratibu, suruali nyeupe imepigwa pasi hadi inakata, na kazi yake ni kwenye maabara moja hapa mjini, anapasua samaki na kuchunguza wamekula nini. Nikamkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Nikaona amejisogeza kidogo, kama mtu aliyekalia kitu cha baridi, lakini adabu ikamzuia.

Chakula kikaletwa. Tonton Anselme akamega lituma, akaisogeza karibu na macho, akavuta kitu, akakiweka pembeni ya sahani. Akaendelea kula. Akamega tena, akavuta tena. Shangazi wa kijana naye akasimama kutafuna, akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kitu chekundu, chembamba, juu ya lituma ya njano kinaonekana kama mkwaruzo. Akasema polepole, "Iko nywele."

Ndugu zangu, kuna dakika mtu akiwa na akili angenyamaza. Mimi niliona aibu inakuja moja kwa moja kwangu, nikatafuta wa kumtupia, nikapaza sauti hadi majirani wakasikia:

"Mama Véro! Kuja hapa! Hii nywele yako ulishindwa kufunga? Mama muzima, unapikia wageni namna hii?"

Akaja akasimama mlangoni, kitambaa cha kushikia sufuria bado mkononi.

"Nywele?"

"Bon, angalia mwenyewe! Mèche nyekundu, si ndiyo munatia kwa kichwa siku hizi?"

Aliinua mikono akafungua kile kitambaa cheusi, taratibu, fundo moja, fundo la pili, akakivua. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote. Juu ya sikio kulikuwa na jeraha dogo la wembe, bado bichi.

"Nilinyoa Yanonge," akasema, "siku tulizika mama. Nywele yangu yote iko kule."

Akaweka kitambaa cha sufuria juu ya meza, akakunja kile cheusi, akapita uani akatoka. Na mimi (hapa ndipo huwa napunguza ninaposimulia) mimi nilicheka. Sijui kwa nini. Kicheko kifupi kilinitoka chenyewe, na hakuna mwingine aliyecheka, na Aline alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

Tonton Anselme akasimama aende dirishani kwenye mwanga, na ule uzi juu ya kidole chake. Alipotugeuzia mgongo, shangazi akapiga kelele, "Anselme! Matako yako!" Suruali nyeupe, upande wote wa nyuma, ilikuwa imelowa na kuota manyoya mekundu kama tumbili. Yeye hakukasirika. Alijipangusa, akachukua manyoya yaliyobaki kwenye vidole, akayaweka karibu na ule uzi wa lituma, akatazama, akatazama tena, kisha akasema:

"Mama, uniletee kiberiti."

Nikaleta. Akaushika ule uzi kwa ncha ya kisu akauwasha.

"Nywele ya mutu ikiungua inanuka kama manyoya ya kuku," akasema. "Sasa hii, angalia."

Uzi haukuungua hivyo. Ulijikunja, ukayeyuka, ukawa kitone cheusi kigumu, na harufu ilikuwa ile ya bidoni iliyoangukia moto.

"Hii iko plastiki. Hii blanketi ni plastiki wanavuta inakuwa nyuzi. Ukifua, inaachilia nyuzi ndani ya maji, kila mara ukifua inaachilia. Hizi tunaona ndizo kubwa. Kuna ingine ndogo-ndogo, bila mashini ya kukuza hauone. Sisi tunaikuta hata ndani ya tumbo ya samaki."

Watu wote wakatazama samaki kwenye sahani zao.

"Donc, mama," akaniuliza kwa upole, "ulifulia wapi?"

"Hapa nyumbani," nikasema. "Ndani ya beseni. Maji nilimwaga chooni."

Nilikuwa sijafunga mdomo tuliposikia hodi, na aliyeingia ni Papa Shabani, kikombe cheupe mkononi amekibeba kama mtu anayebeba dawa. Akasalimu wageni kwanza, kila mmoja kwa mkono, maana ni mtu wa adabu, ndipo akanigeukia.

"Mama Aline, samahani kuingia wakati munakula. Nilitaka kutawadha, maji iko na manyoya. Watu wa parcelle tatu wameniletea maji ya namna hii hii. Ninazunguka kuuliza nani alifulia kule juu." Macho yake yalikuwa yamefika kwenye viti vyangu, akavihesabu taratibu, kimoja, viwili, vitatu, vinne.

Aline akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tulipishana njiani. Ulikuwa na beseni."

Nikasema, "Ni mimi."

Wageni hawakuondoka kwa hasira, ingekuwa nafuu. Walikaa kwa adabu, wakala mapapai, wakasema maneno ya kheri kuhusu vijana, na lituma ya Mama Véro, ambayo haikuwa na kosa lolote, ikarudi jikoni karibu nzima. Wakati wa kuagana Tonton Anselme aliniambia, "Watoto hawana makosa, mama, tutaendelea." Aliyasema hayo akiwa amevaa kikwembe cha mume wangu kiunoni, suruali yake mkononi.

Papa Shabani hakunitoza chochote. Alisema tu kwamba kisima lazima kikaushwe na kusafishwa, na kwamba atakayekisafisha ni mimi. Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, bado na nguo zangu za kanisa, nilikuwa ndani ya kisima, maji magotini, nachota ndoo moja moja na kuipitisha kwenye kitambaa, na wanawake wa Mangobo wamepanga bidoni zao juu ya mawe wananisubiri nimalize. Hakuna aliyenitukana. Mmoja aliuliza kama binti yangu bado anaolewa. Mchana nilikuwa na fundo la manyoya mekundu kwenye kitambaa, limelowa, ukubwa wa panya, na moyo wangu ukawaza yale yaliyopita katikati ya nyuzi za kitambaa bila mimi kuyaona, na yale yaliyokwisha kunywewa Jumamosi asubuhi, na watoto waliokunywa.

Jumatatu nilikwenda kwa Mama Véro. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Alinipa kiti nje, akaendelea kuchambua mchicha wake.

"Nilikukosea," nikasema.

"Ndiyo."

"Nilijua nimefulia juu. Sikujua ni manyoya, lakini nilijua nimefulia juu, na nikakuita wewe."

Akavunja bua, akalitupa. "Mama Aline, kichwa yangu nilinyoa kwa ajili ya mama. Watu wa kwetu peke yao ndio waliona. Wewe ulinifanya niifungue mbele ya watu wanakula." Baadaye sana akasema, "Nimekusamehe. Kusamehe ni ya Mungu, siwezi kukunyima. Lakini kupika, utafuta mutu mwingine."

Sikubisha. Nilimwomba aniambie habari za mama yake, naye akaniambia jina lake tu. Zaidi ya hapo hakunipa, na sikustahili.

Aline ameolewa. Siku ya arusi Mama Véro alikuja, akampa zawadi, akacheza kidogo, akala wali uliopikwa na watu wengine. Ile mifuniko nimeivua. Sitaki kuifua, naogopa kuichoma, kumpa mtu mwingine ni kumpa kosa langu, basi imekaa ndani ya gunia stoo. Nguo nyingine za namna ile bado tunazo, nani hana? Jezi za mume wangu, sweta, sare za kwaya. Nazifua mara chache, bila kuzisugua kwa nguvu, ndani ya beseni, na maji yake nayapitisha kwenye kitambaa kizito kabla ya kuyamwaga kwenye shimo mbali na bonde, ingawa najua kitambaa hakishiki yote.

Basi nimeapa mambo mawili, na ninyi ndio mashahidi. Sitafua tena mahali ambapo kuna mtu anachota chini yangu. Na likitokea la kutokea mezani kwangu, nitaanza kwa kuiuliza mikono yangu mwenyewe kabla ya kumwita mtu kwa jina. La kwanza ni rahisi. Hili la pili bado nalijifunza, na kila ninapomsikia Mama Véro akitwanga upande wa pili wa ukuta, nanyamaza mpaka amalize.