Mlango Uliosuswa

Clifford Maltby aliuchukia mlango mmoja kwa miaka sabini, na mlango haujui kuchukiwa. Aliyeumia ni yeye, na baada yake mkewe Enid, ambaye hakuwa na kosa lolote ila kuolewa na mtu mwenye kinyongo.

Mlango wenyewe ni wa Grama, shule kongwe ya mji wetu wa Haldersby, iliyoitwa hivyo kwa kuwa zamani kilichofunzwa humo ni sarufi ya Kilatini tu. Aliijenga mfanyabiashara wa sufi, enzi za Malkia Elizabeti wa Kwanza, alipozeeka akaanza kuogopa moto wa jehanamu. Juu ya mlango akachongesha maneno kwamba nyumba hii ni ya watoto wa maskini. Akayachongesha kwa Kilatini, wenyewe wasije wakayasoma wakadai chao. Basi kwa karne nne waliopita chini ya maneno yale ni watoto wa mawakili na wenye mashamba, na wa maskini wakaokotwa mmoja mmoja kwa mtihani.

Clifford aliokotwa. Alifaulu wakati wa vita vikuu vya pili, peke yake katika mtaa mzima wa nyuma ya reli. Baba yake alikuwa vitani, na nguo zilipatikana kwa kuponi za mgao wa serikali. Kofia ya shule ilikuwa ya buluu iliyokoza, nao hawakuwa nayo, kwa hiyo mama yake alikata koti lake la kanisani akaishona kwa mkono. Ilitoka kofia nzuri, ila ilielekea kwenye kijani.

Asubuhi ya kwanza mwalimu alikuwa mlangoni akikagua wavulana. Akamvua Clifford ile kofia, akainyanyua kwa vidole viwili.

"Hiki nini? Kifuniko cha buli la chai?"

Wavulana wakaangua kicheko, na wa nyuma wakasukumana ili waone.

"Rudi nyumbani," mwalimu akasema. "Ukivaa kama watu, utaingia."

Alirudi nyumbani, na shuleni hakurudi tena. Mama yake akaazima kofia ya kweli kwa watu wa kanisani, akamwekea juu ya kitanda.

"Kuchekwa si kufa, mwanangu. Nenda."

"Siendi."

"Nilikata koti langu, Cliff."

"Siendi, mama. Mlango ule siuingii mpaka naingia kaburini."

Wako wanaosema mwalimu yule alikuwa mshenzi, na wako wanaosema mtoto alikuwa na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Wote wamesema kweli. Mwalimu alisahau kabla ya chakula cha mchana. Clifford ndiye aliyekaa nalo.

Akawa mwashi, na mwashi mzuri. Akamwoa Enid wa kiwanda cha njegere, mwanamke mcheshi aliyeimba hata akimenya viazi. Mtoto wao Janice alipokuwa bado wa kubebwa, tajiri wa Clifford alimtuma akajenge upya dohani ya Grama iliyoangushwa na upepo. Alikataa, na siku hiyohiyo akafukuzwa.

"Kwa hiyo baridi hii tutakula viazi na kinyongo chako," Enid akasema.

"Kazi nyingine itapatikana."

"Itapatikana, na mimi nitarudi kiwandani. Lakini, Cliff, mawe hayana mdomo. Hayakukucheka."

Clifford akajifanya anaziba ufa wa dirisha. Enid hakulitaja tena. Kila walipokwenda sokoni alimfuata kuzunguka upande wa kiwanda cha bia, mvua ikinyesha au isinyeshe, wasipite mbele ya Grama. Alimpenda, naye kwa kumpenda akamdekeza. Kidonda kinachofunikwa kila siku kinaoza taratibu, na harufu yake mtu huizoea.

Serikali ilipounganisha shule, Grama ikafungwa. Ikawa ofisi za halmashauri, kisha ikawa tupu, kisha ikawa ya njiwa. Katika miaka ya njiwa Clifford alikuwa na furaha mbaya. Alisimama ng'ambo ya barabara akihesabu vigae vilivyodondoka, akarudi nyumbani akipiga mluzi. Mara ikaja kampuni, ikaezeka upya, ikatia lifti, na Grama ikawa nyumba ya kutunzia wazee.

Ndipo Enid akaanza kusahau. Funguo zikapatikana ndani ya kopo la mkate. Akamngoja mama yake, aliyekwisha kufa zamani, aje kunywa chai. Alipoanguka kwenye ngazi, Janice alikuja kuzungumza na baba yake.

"Baba, nafasi iko Grama. Kwingine kote ni mji wa mbali, na wewe macho ya kuendesha gari huna."

"Mpeleke Grama. Mimi nitakaa nje."

"Nje wapi?"

"Kuna benchi."

"Benchi! Mama ni mgonjwa, baba, si basi unalisubiri."

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alibeba mfuko wa Enid mpaka getini, akamkabidhi Janice. Tangu siku hiyo, kila mchana alikaa kwenye benchi na chupa yake ya chai, akitazama dirisha la chini ambako Enid aliwekewa kiti. Enid alimpungia mkono, naye akampungia. Wapita njia waliona ni jambo la kupendeza, wakatabasamu. Halikuwa la kupendeza hata kidogo. Mtu na mkewe walitenganishwa na kioo, na wa kukiondoa alikuwa mmoja tu.

Gemma, msichana aliyemhudumia Enid, alitoka mara kwa mara kujaribu bahati yake.

"Mzee Maltby, anakuulizia tangu asubuhi. Ingia dakika tano tu. Leo hakuna ukaguzi mlangoni."

"Mwambie nipo."

"Anajua upo, ana macho. Anataka kukushika."

Clifford akafunga na kufungua kifungo cha koti. "Kesho," akasema.

Kesho ikazaa kesho. Siku moja alikuja amenyoa ndevu, akafika kabisa, akashika pete ya chuma ya mlango. Mguu ukakataa. Alisimama pale, mtu mzima mwenye wajukuu, jasho likimtoka katika baridi, kisha akarudi kwenye benchi na kufuta uso kwa skafu. Enid akampungia.

Oktoba Gemma alitoka bila mzaha.

"Jana amemwita Janice 'dada yangu mpenzi'. Jina lako bado analo. Njoo wakati bado analo, mzee wangu."

"Nitakuja."

Mvua za Novemba zikamshika kifua. Alilala siku nyingi, Janice akimletea supu, na katika nyumba ile kimya, bila mtu wa kumpungia, akakiangalia kinyongo chake kwa mara ya kwanza kama mtu mwingine angekiangalia. Mwalimu yule alikuwa makaburini siku nyingi. Wavulana waliocheka walikuwa makaburini, au walikuwa vizee wasiokumbuka kitu. Hapakuwa na mtu duniani aliyekuwa bado anamcheka. Akaona aibu iliyomtoa machozi, na mara hii ilikuwa aibu kwa Enid.

Alipopata nguvu alivaa suti yake, akaenda moja kwa moja, akausukuma mlango kabla miguu haijapata la kusema. Ukafunguka kama mlango. Ndani palinuka kabichi na dawa ya sakafu. Mtu alikuwa akisukuma kigari cha chai, wala hakugeuka kumtazama. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa ndani, miaka yote sabini.

Gemma alimwona, akaziba mdomo kwa furaha, akamwongoza. Enid alikuwa kwenye kiti chake, ameelekea dirishani, amekonda. Clifford akavuta kiti, akaketi karibu naye mpaka magoti yakagusana, akamshika mkono.

"Enid. Nimekuja."

Enid alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa kanisani. Kisha akauvuta mkono wake taratibu, akauficha chini ya shali.

"Samahani, bwana. Usinishike hivyo. Mume wangu yuko pale nje, anaona kila kitu."

Clifford akageuka. Benchi lilikuwa tupu, limelowa.

"Leo simwoni," Enid akasema. "Siku nyingi simwoni. Pengine mvua."

Gemma, nyuma yake, alikuwa ameanza kulia.

"Nikamwite?" Clifford akauliza. "Nimwambie aingie?"

Enid akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, bila uchungu, kama mke amteteaye mumewe mbele ya watu.

"Usijisumbue, bwana. Hataingia. Mimi ndiye ninayemjua."