Kabureta Mbili na Jogoo Mmoja

Watu wakiniuliza kwa nini gari la zamani likipita nakunja uso, huwaambia ni moshi. Uongo. Ni hasira, na hasira yenyewe nimekaa nayo tangu miaka ile ya sabini tulipokuwa tukiishi Lozells, huko Uingereza.

Nilikuwa na hotirodi. Ndivyo Waingereza wanavyoyaita magari ya kale yaliyofumuliwa na kutiwa injini kubwa kuliko akili ya mwenyewe. Langu nililikuta kwa muuza skrepa upande wa Stechford, gari la kabla ya Vita vya Pili, sakafu imeliwa na kutu, panya wamezalia kitini. Likavutwa hadi kwetu, likapitishwa kwenye geti la mbao la kichochoroni, na hapo uani likakaa miaka mitano. Mwaka wa kwanza nilikata kutu na kuchomelea sakafu mpya. Wa pili nikabadili breki, maana kwa zile za mwanzo ilikuwa afadhali uombe dua kuliko kuzikanyaga. Kisha ikaja injini ya silinda nane, kisha giaboksi, kisha tukapunguza paa kwa msumeno, inchi tatu nzima. Mwisho nikaliwekea kabureta mbili badala ya moja. Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa. Bila hiyo injini ni jiwe.

Nasema "tukapunguza" kwa sababu sikuwa peke yangu. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nyumba ya nne kutoka kwetu alikaa Mzaramo mmoja wa Kisarawe, mfanyakazi wa kiwanda cha misumari, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Asiyejua utani aelewe hivi: mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Anaweza kuchukua kuku wako, kanzu yako, hata kofia iliyo kichwani, nawe humwiti mwizi. Unakwenda kukomboa kwa kile atakachotaja, mnacheka, yamekwisha. Kumkasirikia mtani ni aibu. Kumshtaki, hilo sijapata kulisikia.

Basi huyo ndiye aliyekuwa akinishikia taa, akinipa spana na kunitukana. Viti alivishona yeye, kwa mkono wake. "Mpagazi wangu," alikuwa akisema, "babu yako alibeba pembe hadi pwani, wewe unabeba vyuma hadi uani. Ukoo wenu haujaendelea." Nami namjibu, "Kaza hiyo nati, mtumwa wangu, au umesikia ngoma mahali?" Mke wangu, Mkamba wa Machakos, muuguzi, alikuwa akitoka zamu anatukuta tunachambana hivyo. "Nyinyi mtauana siku moja," anasema, anaingia kulala.

Ikaja barua kwamba mtaa wetu ungevunjwa. Tulipewa nyumba kwingine, na siku ikatajwa: chochote kitakachobaki uani baada ya hapo kitazolewa pamoja na vifusi. Sikuwa na wasiwasi. Gari lilikuwa limebakiza nyaya za taa tu, kisha liwashwe, liondoke kwa magurudumu yake.

Siku kumi kabla ya tarehe ile nikafungua boneti, nikakuta tundu. Kabureta zote mbili hazipo! Juu ya injini umewekwa unyoya mmoja wa kuku. Nikajua ni nani.

Nilimkuta amekaa mlangoni kwake, miguu ameinyoosha, majirani wanapita. "Mpagazi," akasema, "nataka jogoo mmoja, mzima, anayewika. Na unibebe mgongoni kutoka dukani pale kwenye kona hadi hapa mlangoni. Ndipo utapata vyombo vyako."

Damu ikanichemka. Kiwandani nilikofanya kazi mimi, msimamizi alikuwa na mchezo wake: kitoroli kikihitajika kwingine, mimi ndiye kitoroli. "Mbebesheni huyo," anasema, na watu wanacheka. Mwaka mzima nabeba masanduku ya skrubu, narudi nyumbani mgongo unawaka moto. Na leo huyu, mtu wa kwetu, anataka nimbebe barabarani, Waingereza wakichungulia kwenye mapazia!

"Sikubebi!"

"Basi na gari halitembei," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Nilizunguka kwa wauza skrepa wote niliowajua. Hakuna kabureta iliyokubali kukaa kwenye ile injini. Mke wangu akanichoka. "Si umpelekee tu hiyo jogoo yake yaishe? Umbebe. Ni hatua hamsini."

"Hata tano simbebi!"

Siku ya tano nikatoka kazini, mgongo unaniuma, nikaenda moja kwa moja kituo cha polisi nikasema nimeibiwa. Nikataja jina lake na namba ya nyumba. Nilitaka atishwe kidogo tu, ndivyo nilivyojiambia. Ala! Nani kati yetu hakujua polisi wa siku zile walivyomtazama mtu mweusi? Nilijua. Nilijua vizuri kabisa, na nikaenda.

Walikuja wawili. Kabureta walizikuta chini ya kitanda, zimefungwa kwenye kanga ya mkewe. Wakamtoa na fulana na kandambili, mkono umekunjwa nyuma, na yeye anacheka. Alidhani nimeuzidisha utani. "Mnyamwezi, umeleta mpaka askari!" akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha akaniona uso. Akaacha kucheka.

Nilikimbilia kituoni kuyafuta yale niliyosema. "Ni mtani wangu," nikamwambia askari wa kaunta. Nikamweleza misafara, pembe, kuku, yote. Alinisikiliza kama anayemsikiliza mlevi. "Amekuibia au hakukuibia?" Nikasema hakuniibia. Hata hivyo hawakumwachia hadi siku ya tatu asubuhi, na kiwandani kwake alikuwa amekosa zamu mbili bila taarifa. Kazi ikaisha hapo hapo. Ana watoto watatu.

Kabureta nilirudishiwa. Zinang'aa! Moja ilikuwa inavuja tangu niinunue, nami nilikuwa nimelalamika mwezi mzima. Alikuwa ameitia gasketi mpya. Nikakaa uani nikatukana mpaka sauti ikanikauka. Nilimtukana msimamizi, nikawatukana polisi, nikamtukana yeye kwa kuchagua wiki ile, halafu nikaishiwa watu, ikabidi nijitukane mwenyewe.

Gari likawaka. Likatoka kichochoroni siku moja kabla ya mashine za kuvunja kufika, likinguruma mpaka vioo vya watu vinatetemeka. Miaka mitano nimeingoja sauti ile, na siku hiyo ilinipigia makelele tu.

Jumapili iliyofuata nikanunua jogoo kwa mzee mmoja Mjamaika aliyefuga kuku, nikaendesha hadi nyumba waliyohamishiwa. Nikabisha. Alipofungua nikampa mgongo, nikainama, jogoo kwapani.

"Panda, mtumwa wangu. Nitakubeba mpaka mjini ukitaka."

Nilibaki nimeinama mpaka magoti yakaanza kuniuma.

"Simama, bwana," akasema kwa upole. "Utachafua suti. Karibu ndani."

Alinikalisha kwenye kiti kizuri. Mkewe akaleta chai kwa vikombe vya wageni, vyenye visahani vyake. Akaniuliza habari za kazi, habari za mke wangu, habari za nyumba mpya. Nikamwita mvivu. Nikamwambia Wazaramo wote kazi yao ngoma. Akatabasamu kwa adabu, akanisogezea biskuti.

"Na jogoo?" nikauliza.

"Utarudi naye, bwana. Asante sana kwa kutukumbuka."

Nilirudi naye kwenye kiti cha pembeni, kile alichokishona yeye, jogoo akiwika kwenye kila taa nyekundu na watu wa mabasi wakinicheka. Tangu hapo nimekutana na mtani wangu mara nyingi, sokoni, misibani, harusini. Kila mara ananivulia kofia, ananiita bwana, ananipisha njia. Roho inanipanda! Anitukane, mshenzi yule. Mara moja tu, anitukane.